Mota Namba Tatu

Chumvi haina adabu. Huingia bila hodi
hapa karakana, nyuma ya stesheni,
hulala juu ya shaba, na kukipambazuka
shaba imeota ukungu wa kijani kama mkate wa juzi.
Ndiyo maana kila Jumanne nashika kitambaa
kabla sijashika kikombe.

Watu hudhani injini hii ni ya dizeli tu.
Dizeli hunguruma, hutoa moshi, hujisifu,
lakini anayevuta ni umeme:
jenereta tumboni, mota nne chini,
zimejikunyata gizani karibu na kokoto
kama wapishi wa harusi wasioitwa kupigwa picha.

Tulipoifungua, baada ya miaka ishirini na sita,
tulikuta kiota cha panya kilichofumwa kwa tiketi,
kandambili moja ya mtoto,
na nyuki ndani ya sanduku la swichi.
Kalume akatoka Jomvu, akawafukiza kwa moshi wa makumbi,
akaondoka na asali, akatuachia masega mawili.
Mota namba moja: nzima.
Namba mbili, unyevu. Namba nne, unyevu.
Namba tatu: tupu.
Shaba yote imetolewa kwa msumeno,
limebaki shimo kama la jino lililong'olewa.
Siku nzima ulimi wangu ulirudi pale.

Fundi Wasonga alimulika tochi, akatazama, akaizima.
"Aliyekata hapa," akasema, "alikuwa na mkono mtulivu."
Mimi nilijitia kutafuta spana.

Unyevu tuliutoa kwa taa.
Balbu za wati mia, zile za zamani, za moto,
tulizisaka Makupa, tukazisaka Kongowea,
hadi kwa Ramzanali, aliyekuwa nazo chini ya kaunta
na akashangaa kwamba bado kuna anayeziulizia.
Tukaziingiza ndani ya mota, tukafunika turubai,
siku tisa tukaatamia chuma.
Kila alfajiri Wasonga alizungusha mkono wa mita,
sindano ikatikisika, ikarudi kulala.
"Bado."
"Bado."
Siku ya kumi ikapanda, ikakaa.
Hakushangilia. Alikwenda kununua mahamri.

"Namba tatu ni yako," akaniambia.
"Fundi, mimi ni wa msasa na vanishi."
"Ni yako."

Nikakaa na waya mpya,
koili kwa koili, utepe wa pamba, vanishi, tanuri,
hesabu naitafuna mdomoni isinipotee.
Vidole viliijua njia kabla yangu.
Vilishapita hapo zamani,
vikielekea nje.

Miezi mitano. Usiku wa koili ya mwisho nikasema,
uso chini:
"Kilo kumi na nne. Niliuza Shimanzi.
Nilikuwa na miaka kumi na saba.
Dada alikuwa wodini na mtoto mchanga,
wamemzuia kwa deni."

Wasonga alikuwa akikata utepe. Akamaliza kukata.
"Kumi na tano," akasema.
"Nimepiga hesabu. Walikupunja kilo moja."

Jumamosi tukaiwasha.
Reli iliyobaki ni mita mia mbili na kumi,
kisha ukuta wa godauni na kibanda cha viazi karai.
Sikusikiliza dizeli. Nilipiga magoti,
nikaweka kiganja sakafuni, juu ya namba tatu,
nikaisikia ikipokea mzigo,
ikisita kidogo, halafu haisiti.
Mita mia mbili na kumi kwenda.
Muuza viazi akatuinulia upawa wenye mafuta.
Mita mia mbili na kumi kurudi.
Basi. Safari ndiyo hiyo.

Leo Jumanne. Chumvi imeshaingia.
Brashi za kaboni zimelika unene wa ukucha,
nazipuliza vumbi, nazirudisha.
Dada amepiga simu: yule mtoto sasa ana ndevu,
hana kazi, anataka kuja kuiona treni ya mjomba.
Nimemwambia aje.
Aje asubuhi, na kitambaa chake.