Shingo

Kwanza ilikuwa kama mtu anakukatalia kwa kichwa:
la, la, la,
kidogokidogo,
mteremko ule baada ya Ole, sindano kwenye themanini,
tairi la mbele lilipokanyaga kiraka cha lami.
Kisha la zikawa nyingi, zikashikana, zikawa mngurumo,
usukani ukipiga kulia na kushoto
kama kuku aliyekwisha chinjwa,
na mimi juu yake, mwalimu wa hesabu,
silikumbuki hata jina la mama yangu.

Nikafanya afanyalo kila mwoga: nikaukaba.
Nikaukaba usukani kama mdeni niliyemtafuta mwaka mzima.
Nilivyoukaba ndivyo ulivyozidi.
Kando, majamvi ya karafuu yameanikwa mpaka juu ya lami,
na mtoto mmoja kasimama na kijiti cha kugeuzia,
mdomo wazi,
ananitazama nikija.

Sikuanguka. Sijui kwa nini sikuanguka.
Ulikuja mlima, mwendo ukafa wenyewe,
usukani ukatulia
kama mtoto aliyevunja sahani
akakimbilia kushika msahafu.

Jioni nikachukua spana, nikaikaza nati ya shingo.
Nikaikaza tena. Nikaikaza kwa uchungu
wa pesa nilizomlipa yule bwana wa Darajani
aliyeniapia kuwa pikipiki hii haijawahi kulala chini.
Kesho yake haikutikisika. Ilikuwa mbaya zaidi:
haisikii.
Naiambia nyooka, inakwenda kwenye mtaro,
naiita irudi, inavuka barabara nzima.
Time, mke wangu, akasema kutoka dirishani:
"Pikipiki na mwenyewe, wote wamekaza shingo."

Nikaikokota hadi Machomanne, shingo upande,
kwa Mwache Faki,
maana pale barazani walishanicheka:
fundi mwanamke, buibui kalifunga kiunoni, grisi hadi viwiko.
Hakuniuliza kitu. Alipiga jeki, gurudumu la mbele likaning'inia,
akausukuma usukani kwa kidole kimoja, akauacha uende.
Haukwenda.
Akalegeza nati robo mzunguko. Ukaenda,
ukafika katikati, ukasita: tk.
"Umesikia?"
Sikusikia. Akanielekeza niweke kidole mwenyewe.
Tk.
"Hapa ndipo ilipogonga,
siku ile uliyoambiwa haikuwapo."

Akafungua. Golori zikamwagika kwenye sahani ya bati,
na kikombe chake kina vishimo vimefuatana
kama meno ya mtoto kwenye kipande cha sabuni.
Tairi nalo upepo nusu, upande mmoja umelika.
Ile risasi ya kusawazisha gurudumu ilishadondoka zamani,
imebaki gundi yake.

"Kwa hiyo si mimi," nikasema, nimefurahi.
"Na wewe pia," akasema bila kuinua macho.
"Ikitikisika usiikabe. Breki ya mbele usiiguse.
Bana tenki kwa magoti, inamia mbele,
punguza resi taratibu, usiikate ghafla,
mikono iwe ya kubebea yai.
Yenyewe inajua kunyooka. Wewe ndiye unayeizuia."

Siku nane kungoja golori kutoka Unguja.
Siku nane nikaenda skuli kwa miguu, na darasani
nikavunja chaki tatu katika mlinganyo mmoja.
Sikuwa najua kuwa naishika hivyo.

Leo nimerudi mteremko wa Ole.
Sabini. Sabini na tano. Kiraka kile kile.
Usukani ukasema la, mara moja tu,
na vidole vyangu vyote kumi vikataka kujibu.
Nikavizuia. Tisa vilinitii.
La ile ikaenda, ikapotea sijui wapi,
chini ya tairi, nyuma, kwenye harufu ya karafuu.

Yule mtoto alikuwepo na kijiti chake.
Akanipungia mkono.
Mie sikumpungia.
Huko sijafika.