Swali la Kwanza

Mkasi kavaa miwani ya bibi,
kaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa,
mwiko mkononi ndio kalamu yake.
"Jina lako?"
Unalijua.
"Jina lako, mwombaji!"
Mize Faki Hamad, kidato cha sita, hapa hapa Wete.
"Kwa nini unataka kujitolea?"

Hapo ndipo ulimi unapokwama
kama ufunguo wa mlango wa uani.

Usaili ni kesho, hospitali, saa tatu.
Nafasi sita. Tuliojiandikisha, arubaini na moja.
Shaame kanipa jibu lake, kaliandika kwa wino mwekundu:
Napenda kuisaidia jamii yangu na kupata uzoefu.
Jibu zuri. Limenyooka kama suruali iliyopigwa pasi.
Wenzangu wote arubaini watalivaa.

Baba katusikia tukifanya mazoezi.
"Kujitolea? Kazi isiyo ujira
mbona ipo tele hapa? Gunia lile halijachambuliwa."
Hakusema kwa ubaya. Kasema na karafuu mkononi,
akizing'oa makonyo bila ya kutazama.

Basi usiku huu, Mkasi kashalala na miwani usoni,
nami nazimwaga sababu zangu mkekani nizichambue,
huku karafuu, huku makonyo.

Nataka cheti. Kina muhuri.
Nataka ile fulana ya buluu yenye maandishi mgongoni,
nipite nayo sokoni mara moja tu, taratibu.
Nataka mikono yangu inukie sabuni
japo kwa wiki nane.
Nataka kujua kama naogopa damu
kabla sijamwambia mtu kwamba nataka kuwa muuguzi.
Na Riziki keshajiandikisha, sitaki anipite.
Yote haya makonyo?
Sijui. Makonyo nayo huuzwa.

Halafu kuna lile benchi.

Mwezi wa Rajabu bibi alivimba mguu.
Tulifika mapema, umande haujakauka,
tukaketi benchi la kushoto
kwa kuwa lilikuwa na kivuli, na watu wamekaa.
Jua likatufuata mpaka magotini.
Adhuhuri ikaadhiniwa.
Kumbe pale ni pa wanaongoja kuwaona jamaa waliolazwa;
wa miguu ni mlango wa nyuma, penye mshale
uliochorwa kwa rangi iliyokwisha kufifia.
Hakuna aliyetufukuza. Hakuna aliyetutolea maneno.
Hakuna aliyeuliza.
Bibi akasema, "Tutarudi kesho,"
kama aliyekosea ni yeye.

Hili nitalisemaje kwa Kiswahili cha usaili?

Saa tatu na nusu. Meza, watu watatu,
jagi la maji limefunikwa kitambaa cha kufuma.
Mwanamke wa kati ana sauti ya mwalimu wa hesabu.
"Kwa nini unataka kujitolea?"
Nikafungua kinywa nilitoe lile la Shaame,
limepigwa pasi, lipo tayari.

"Benchi," nikasema.

"Benchi?"

"Lile la kushoto, mwalimu.
Mtu anaweza kulikalia siku nzima."

Mmoja akaandika. Mmoja akamtazama mwenziwe.
Wa tatu akatia maji gilasini,
akanisogezea mimi.

Majina yatabandikwa Jumatatu.

Kutoka, nikapita njia ya kushoto.
Mzee mmoja kaketi pale, kofia pajani.
Moyo ukanidunda. Nikainama:
"Shikamoo, babu. Unakwenda wapi, nikuoneshe?"
Akanitazama toka mtandio hadi viatu.
"Marahaba. Siendi popote, mjukuu wangu.
Nimekaa tu."
Akajisogeza, akanipa nafasi.