Kulegeza

Miaka thelathini na mmoja nilishindilia.
Donholm hadi Ruai, penye msingi nilikuwepo,
gogo mkononi, shati kiunoni,
udongo ukilia du, du, mpaka unyamaze.
Huu mweusi tuliuita uchafu.
Tuliuchota, tukaujaza lori, ukatupwe mbele kwa mbele,
maana mvua ikiugusa huvimba kama mwenye kinyongo,
jua likiupiga hupasuka
na ukuta wa watu ukapasuka nao.

Sasa nimestaafu. Nina futi kumi kwa ishirini
nyuma ya nyumba, hapa Utawala,
na udongo ni ule ule.
Umenisubiri.

Syombua wa jirani alichungulia juu ya mabati:
"Fundi, unapanda karoti au unamwaga slabu?"
Nikaona haya. Kweli nilikuwa nimevuta kamba,
nimelaza pima maji juu ya tuta.

Karoti, akaniambia, ni mtoto wa kudekezwa.
Ikigonga jiwe inaota miguu miwili,
utang'oa suruali badala ya mboga.
Samadi mbichi usithubutu: itaota ndevu,
itagawanyika kama shamba la mume wa wake watatu.
Ipe ya mwaka jana,
iliyokwisha kusahau kwamba ilitoka kwa ng'ombe.

Basi nikachimba, jembe la meno, kina cha mkono hadi kiwiko.
Vikatoka vizibo vya soda, misumari ya inchi nne,
soli ya kandambili, mguu wa mwanasesere,
na bonge la zege lililovunjika kama mkate mkavu:
saruji moja, mchanga saba. Kazi ya mwizi.
Nikaligeuza geuza.
Huenda ni yangu.

Chekeche la mchanga wa plasta nikalitoa stoo,
nikaupitisha udongo kiganja kwa kiganja.
Toroli tatu za mchanga wa mto,
majivu ya jiko la Syombua, mabua ya sukuma yaliyooza,
na udongo mwekundu nilioletewa na dereva wa lori kutoka Kikuyu,
akinitazama kama mgonjwa:
"Mzee, huu si ndio mnatulipa tuutoe?"

Wiki ya tano alijitokeza nyungunyungu mmoja.
Nilimwita Syombua aje amwone,
tukasimama pale kama watu walioonyeshwa mjukuu.

Finyanga tonge, akasema, kisha liguse kwa kidole.
Likivunjika, shamba liko tayari.
Maisha yangu yote sikuwahi kuomba
kitu nilichokifinyanga kivunjike.
Nikaligusa. Likavunjika.
Sikujua niseme nini, nikafinyanga jingine.

Jumamosi, mawingu yakirundikana upande wa Ngong,
nikafungua pakiti. Mbegu ndogo kuliko unga wa msumeno,
pumzi tu ingezitawanya hadi kwa mwenye nyumba.
Nikazichanganya na mchanga, moja kwa kumi.
Hapo angalau hesabu niliijua.

Nikamaliza mstari wa kwanza, nikageuka kuchukua maji,
na mguu, wenyewe, bila kuniuliza,
ukapanda juu ya tuta ukashindilia.
Buti zima. Du.

Syombua hakusema kitu. Ningependa angesema.

Nikavua buti, nikapiga magoti,
nikapenyeza vidole kwenye alama ya kisigino,
nikaunyanyua udongo polepole,
kama mtu anayeinua ncha ya blanketi
kutazama kama aliyelala bado amelala.

Buti ziko mlangoni tangu siku hiyo.
Pima maji nimempa kijana wa Syombua, anajifunza ujenzi.
Kamba nimeibakiza.
Mistari lazima inyooke.