Usiulaze Upinde na Ugwe Wake

Jumapili, misa ya kwanza ikiisha,
nauteremsha kutoka juu ya kabati
na watoto wa Katuba wananiuliza tena:
Mama Mwewa, fimbo hiyo ya kumchapa nani?
Wana haki. Bila ugwe ni fimbo tu,
imenyooka kama mtu anayengoja kupigwa picha,
imenizidi urefu kwa kiganja kimoja.

Kapend, baba mkwe wangu, aliuchonga kwenye karakana ya reli
miaka ile mshahara ulipokuwa hauji
na mashine zimelala chini ya maturubai.
Kipande cha mubanga. Alikingoja misimu miwili kikauke
darini, juu ya moshi wa jiko,
kisha akakikwangua kwa kigae cha chupa,
akifuata mstari mmoja wa mti toka ncha hadi ncha.
"Ukiukata mstari huu umejikata mkono."
Penye fundo aliacha nyama. Fundo lipo bado,
linanitazama kila ninapovuta,
jicho la samaki mkavu.

Kwenye barieri ya njia ya Kipushi
askari akataka kuona hiyo silaha.
Nikamtilia ugwe. Akavuta,
akafika kidevuni, mkono ukamtetemeka,
akacheka, akanirudishia kwa mikono miwili
kama anayerudisha mtoto wa watu.

Kichuguu changu ni kirefu kuliko nyumba yangu.
Nabandika ganda la muhogo kifuani pake.
Napitisha mguu kati ya mti na ugwe,
napinda kwa paja, kitanzi kinapanda hadi kwenye mkato,
mti unaguna kidogo, basi.

Mhandisi mmoja wa mgodi alinionyesha wake:
chuma, nyaya, magurudumu, kidarubini.
Ukiuvuta hadi mwisho, alisema, unakubebea mzigo,
unaweza kusimama hapo ukiwaza mambo mengine.
Wangu haunibebei kitu.
Kila inchi ninayovuta unaongeza uzito,
unauliza, bado unataka?
Bado unataka?
Nikichelewa kujibu, bega linajibu.

Na kuna jambo ambalo Kapend hakuniambia,
nililiona mwenyewe, asubuhi yenye jua la ubavuni:
mshale ukitoka haunyooki.
Unajipinda kama mjusi anayepita kwenye ufa,
unauzunguka mwili wa upinde,
hatua tano, sita, ndipo unakumbuka njia.
Ule mgumu, usiokubali kujipinda,
huenda kushoto. Kila mara kushoto.
Ninao wawili wa namna hiyo. Nawapa watoto wakokee moto.

Leo nane. Wawili ganda, watano udongo,
mmoja nyasini, na nyasi za Mei hazirudishi kitu.

Mvua ziliporudi, mwanamke mmoja mtafuta uyoga
akanifuata sokoni na chembe mkononi.
Nilidhani ni changu, alisema, nikimaanisha chako.
Mchwa walikuwa wamekula mti wote,
wamekula hata manyoya ya kanga,
wameacha chuma na uzi wenye gundi nyeusi.

Lakini vyembe vyangu navifua kwa mbavu za miavuli.
Hiki kilikuwa msumari wa reli,
umefuliwa bapa, na ukingoni alama mbili za tupa
anazoziweka mtu mmoja tu duniani.
Alikiokota wapi?
Nyuma ya kichuguu. Mbali nyuma.
Kapend, ambaye hadi kitandani, pumzi ikimkatika,
alituapia sote kwamba kichuguu kile
hakukikosa hata siku moja.

Nilimlipa yule mama bei ya sahani mbili za uyoga.
Sikumwambia mume wangu.

Usiku nikavua ugwe, nikaukunja,
nikapitisha kitambaa chenye mafuta ya mawese
kwenye mgongo, kwenye tumbo, kwenye jicho la fundo.
Mti ukarudi kunyooka, karibu wote:
umebaki na mpindo mdogo, upana wa kidole,
upande tunaovutia.
Chembe nimekifunga juu yake, kabatini,
viwili hivyo vizungumze wenyewe.