Sindano

Baba yangu, Elof Niemi, alishuka mgodini Kiruna na dira mfukoni,
si kwa kutafuta njia. Chuma cha chini kiliipotosha,
sindano ikayumba kama mlevi anayepapasa mlango wake,
naye akaipima hiyo hiyo hitilafu.
“Inapokosea zaidi,” alisema, “hapo ndipo.”

Mimi nikarithi makosa ya sindano.
Dirisha moja, theluji hadi kizingitini,
na tufe letu la chuma, dogo kama ndimu,
liko Zohali, mwendo wa mwanga wa saa moja na ushei.

Usiku ule lilipita kati ya pete na sayari.
Data tuliigeuza sauti. Tukakaa, mimi na Taavetti wa zamu,
kahawa ikipoa,
tukingoja vumbi litwange kama mvua ya mawe juu ya bati.

Kimya.

Taavetti akakagua nyaya. Akapandisha sauti.
Kimya kilekile, kikubwa zaidi.

Sijui kueleza vizuri. Najua hivi:
uga wa sumaku huzunguka pamoja na sayari,
na elektroni hupanda mistari yake, kaskazini, kusini, kaskazini,
kwa hasira isiyo na mwenyewe,
hadi zikutane na pete. Barafu huzimeza.
Penye pete, dhoruba haina pa kupita.

Ila pete nayo hutozwa.
Jua huipiga punje, punje hupata chaji,
na tangu hapo si ya mzunguko tena:
sumaku huishika mkono,
huipandisha mstari kama ngazi,
huimwaga mawinguni.
Inanyesha kule, wakati huu nikiandika. Pete inanyesha.
Miaka milioni mia, labda, na Zohali itabaki shingo tupu.

Nyumba ya Elof waliihamisha mwezi Juni.
Mgodi umekula chini ya mtaa wetu hadi ardhi ikapasuka.
Wakaipandisha kwenye lori nzima nzima,
mapazia yakiwa bado madirishani;
nikaifuata kwa miguu hadi njia panda, nikachoka.

Dira ninayo mezani.
Nikiisogeza karibu na spika
sindano huacha kaskazini,
hugeuka, hutetemeka,
hukitazama kile kimya.