Pigo la Kumi na Tatu

Saa kumi na mbili u nusu asubuhi, giza bado limelalia mapaa,
nateremka ngazi na taa kichwani, rula na daftari.
Sentimita thelathini na moja, mpya, tangu jana.
Upepo: kaskazini-magharibi. Umekesha ukihamisha,
kama mwizi asiye na haraka,
theluji ya upande ule kuileta upande huu.

Miaka ishirini na miwili naandika namba hizi
na kuzituma bondeni, kwa watu nisiowajua sura.
Wao hujumlisha, huchora ramani, huipaka rangi.
Leo rangi ya chungwa: daraja la tatu kati ya matano.
La nne huwatia watu hofu, wakakaa ndani.
La tatu ndilo linalozika.

Linard, mtoto wa kaka yangu, anapaka nta ski zake jikoni.
Hasemi anakokwenda. Hana haja.
Dirisha lote limejaa Foppa Naira.

"Njoo kwanza," namwambia. "Tuchimbe."

Tulichimba nyuma ya zizi la Barblan,
kwenye mteremko unaotazama kaskazini kama ule,
shimo la kufika kifuani.
Juu, unyoya wa jana.
Chini yake bamba la upepo, gumu, la kukatika kama sabuni.
Kisha mstari wa kijivu, unene wa kidole:
zile siku tisa za Januari, anga wazi, baridi kavu,
tulizozisifu sote.
Nilikwangua chembe zake kwenye kiganja cha glovu.
Hazishikani. Sukari tupu,
kila punje na jirani yake hawasemezani.

Nikakata nguzo kwa msumeno, nikalaza koleo juu yake.
Mapigo kumi kutoka kifundo cha mkono: kimya.
Kutoka kiwiko: kumi na moja, kumi na mbili,
kumi na tatu,
nguzo ikateleza ikaja mapajani mwangu, nzima, laini,
kama droo iliyopakwa mafuta.

"Umeona?"
"Nimeona, shangazi."
Akafuta miwani yake kwa kidole gumba.
Kisha akasema: shimo liko hapa, na kule ni kule.
Ni kweli. Hilo ndilo linalonikera, kwamba ni kweli.

Jachen, baba yake, alikuwa na maneno hayo hayo.
Tulimpata kwa ufito, mchana wa pili,
mita moja u nusu chini, mkono mbele ya uso
kana kwamba anajikinga jua.
Sikumkumbusha. Kijiji kizima kimemkumbusha
tangu hajajua kufunga kamba za viatu.

Akaenda.
Nilisimama na darubini, chai ikapoa.
Nikamwona nukta, kisha mshono,
uzi mmoja wa kivuli ukishuka kwenye shuka
ambayo haikuwa na mkunjo.
Foppa Naira ilikuwa imejaa, imetulia,
kama mtu aliyevuta pumzi kabla ya kupiga chafya.
Kimya kingi kina mshindo. Ule mshindo
niliungoja kwa meno.

Haukuja.

Alirudi saa nane, ndevu zimeganda, akicheka,
akala supu ya shayiri bakuli mbili.
Hakusema "si nilikwambia." Kijiko chake kilisema.
Nikamwongezea mkate, kwa furaha
iliyokuwa na mfupa ndani yake.
Maana mlima haukumwambia ndiyo.
Haukumwambia kitu. Amemruka mtu aliyelala,
na sasa atadhani wamejuana.

Usiku theluji ilianza tena, punje pana, bila upepo.
Mbwa wa Barblan alibweka mara moja akaacha.
Nikafungua daftari, kwenye safu ya maelezo:
*Mteremko wa kaskazini, mita elfu mbili na mia tatu.
Mtu mmoja amepita. Hakuna kilichosogea.*
Nikaisoma mara mbili, kalamu mkononi,
nikaongeza neno ambalo hawakuniomba:
*Bado.*