Pambizo

Jumatatu ya Novemba, mjini Hull,
mvua inanyesha kwa ubavu toka mtoni,
hita inagonga kama mtu aliyefungiwa ndani.
Nimegawa penseli ishirini na sita
na hadithi moja ya kurasa tatu: mjane anauza kinanda.
"Andikeni humo humo," nikasema, "juu ya karatasi."
Wakanitazama kana kwamba nimewaambia
wateme mate sahanini.

Nawaelewa.
Shuleni kwangu, Korogwe, kitabu kimoja tulisoma wanne,
kina muhuri, kimevishwa gazeti,
na aliyethubutu kukitia nukta
alichapwa mbele ya mstari wa asubuhi.
Kwa hiyo nilisoma miaka mingi
kama mgeni anayeogopa kukalia kiti.

Kacper ameshika kalamu ya njano,
amepaka ukurasa kutoka utosini hadi unyayoni,
kama apakaye mkate siagi.
"Umechagua kipi?"
"Chote, mwalimu."
Nikampa kifutio. Nikakumbuka njano haifutiki.
Nikampa nakala nyingine.

Ubaoni nikachora:
mstari, chini ya neno linalokuchoma;
duara, kwa neno usilolijua, wala usione haya;
kiulizi, pale unapohisi mwandishi anakuficha jambo.
Na huku pembeni, hapa peupe, pana jina.
Nilitaka kuwaambia ni baraza ya ukurasa:
mtu hajaingia ndani, wala hayumo njiani,
ameketi, anajibizana na mwenye nyumba.
Kiingereza kikanikwama kooni.

Reece akanyoosha mkono.
"Kama kichochoro cha nyuma, mwalimu?
Kule kwenye mapipa ya taka,
mama anakosimama kupiga soga na jirani?"
Hapo hapo, Reece.
Hapo hapo.

Kisha kimya, na penseli zikikwaruza
mfano wa kuku wanaopekua majani makavu.
Nikapita kati ya madawati, mikono mgongoni,
nikisoma mabegani mwao:
*Kwa nini auze kinanda, asiuze saa?*
*Huyu mama mjinga* — "mjinga" limekatwa,
juu yake, kwa herufi za kubanana: *amechoka*.
Hilo katizo pekee
lingenitosha kwa muhula mzima.

Darcey hakuandika chochote ukurasa wa kwanza.
Hakuandika chochote wa pili.
Wa tatu, pale wanaume wawili
wanapokishusha kinanda ngazini
na mjane anawashikia mlango,
pana maneno mawili, madogo, yanayoelekea kuanguka nje ya karatasi:
*sisi pia*.

Sikuuliza.
Nilitoa penseli yangu sikioni,
nikaweka nukta moja kando ya maneno yake,
ajue kuna mtu amepita, amesoma.
Akaitazama. Akaifunika kwa kidole gumba.

Nikaenda kumchongea Reece penseli.